Ngao ya Upande wa Kulia

Dameas aliwaona kabla wao hawajamwona, na kama angegeuza mguu akarudi zake shambani ingekuwa nafuu kwa kila mtu. Filonidas, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa kwenye uwanja wa mazoezi nje ya lango la Argilia, amebeba ngao ya Kirumi. Si kwamba ameiazima aitazame tu, kama mtu atazamavyo punda wa jirani. Ameibeba hasa, imemfunika kuanzia kidevuni hadi chini ya magoti, na yule Mrumi, Numerio, yuko kando yake akimnyoosha bega kwa viganja vyote viwili. Na wote wawili wanacheka.

Ngao angeivumilia. Kicheko ndicho kilichomchoma.

Lazima tumtendee haki Dameas, maana mtu mwenye wivu huwa hana wakili. Tangu ndevu zao zilipoanza kuota, kila mji ulipoitisha watu wake, yeye alisimama kushoto kwa Filonidas. Ngao ya Kigiriki, ile ya duara, mtu huivaa: hupitisha mkono kwenye mshipi wa shaba hadi kiwikoni, akaukunja mkono kifuani, akashika kamba iliyo ukingoni. Ikishakaa hivyo, nusu yake ni yako, na nusu nyingine inatokeza kushoto kumkinga jirani. Wewe ubavu wako wa kulia, wenye mkono wa mkuki, hauna mlinzi mwingine ila mtu aliye kulia kwako. Dameas alikuwa na mke, na mashamba mawili ya mizeituni, na binti aliyeolewa vizuri, lakini ubavu wake wa kulia ulikuwa wa Filonidas. Hakuwahi hata kuugeukia vitani kuutazama.

Ngao ya Warumi haina nusu ya jirani. Ni ndefu, imepinda kidogo kama gome la mti, na inamfunika aliyeishika basi.

"Swahiba!" Filonidas akaita alipomwona. "Njoo ujaribu mlango huu!"

"Mlango ninao nyumbani," Dameas akajibu. "Sijaona sababu ya kuung'oa niende nao vitani."

Numerio akacheka tena. Alikuwa mtu mwenye pua ndefu na meno mazuri, mkubwa wa kikosi kidogo ambacho Warumi walikileta mjini kwa mapatano, kusaidia dhidi ya watu wa milimani ambao kila mwaka shayiri ikikauka hushuka kuivuna bila kuilima. Alikuwa amefikia kwa Filonidas, analala kwake na kula kwake. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema watu wa Argilia. Dameas alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu alikuwa amekaa tangu mizabibu haijachipua.

Siku chache baadaye Filonidas aliwaalika watu kula. Dameas alifika mapema makusudi, na bado alikuta kitanda chake kimekaliwa. Katika nyumba za Wagiriki wanaume hula wamejilaza, wameegemea kiwiko cha kushoto, na kitanda kilichofuatana na cha mwenye nyumba kilikuwa cha Dameas kwa mazoea yasiyohitaji kutajwa. Sasa alikikalia Numerio, ukingoni, ameketi wima kama mtu anayemsubiri kinyozi. Hilo si geni, Warumi wengi wa mashamba hula hivyo. Lililomshangaza Dameas ni kwamba Filonidas naye alikuwa ameketi wima, juu ya kigoda, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ameanza hata kukaa kama yeye, Dameas akawaza, na jibini likamgeukia mdomoni likawa chaki.

Mazungumzo yakafika kwenye ngao, maana mwaka ule hayakuwa na kwingine pa kwenda.

"Nyinyi mnabanana kama kondoo zizini," Numerio alisema. Kigiriki chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kilitosha kwa uchokozi. "Haya, wa mbele akichoka anafanyaje?"

"Anachoka akiwa amesimama," Dameas akasema.

"Kwetu akichoka, wa nyuma anapita katikati yetu. Nafasi ipo, hatugusani. Yule aliyechoka anarudi nyuma, anakunywa maji."

"Ndiyo maana vita vyenu huchukua mchana kutwa. Sisi tunamaliza kabla chakula hakijapoa."

Watu wakaangua kicheko, na Dameas akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie. Lakini Numerio hakununa. Alichukua njegere kutoka kwenye sahani, akazipanga mezani, akaonyesha jinsi watu wake wanavyofanya wakifika chini ya ukuta: wa mbele wanazisimamisha ngao mbele, wa pembeni wanaziba ubavu, wa katikati wanazilaza juu ya vichwa, mawe yanagonga na kuporomoka. Wao wenyewe huita umbo hilo kobe.

"Kobe!" Dameas akadakia. "Mmesikia? Simba wetu wa vita vya kivukoni anasomea ukobe. Filonidas, ndugu yangu, mwacha asili ni mtumwa."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Filonidas alinyoosha mkono wa kulia akachukua kikombe chake. Wa kushoto aliuacha pajani.

"Kobe huishi miaka mingi, Dameas," alisema taratibu, kisha akamgeukia Numerio akamuuliza habari za njia za milimani.

Nyumbani, mkewe Mirtale alimkuta asubuhi ameketi mbele ya mkate wake, taya zinakwenda na mkate haujaguswa.

"Baba Klearista, unatafuna nini?"

"Sitafuni kitu."

"Unatafuna Mrumi. Ningekuwa nimeletewa mke mwenza ningejua pa kuanzia, ningemmwagia maji ya vyombo. Sasa Filonidas nitamfanya nini mimi?"

"Usinitanie, Mirtale."

"Basi kamuulize. Mtu haachi tu kitu cha ujana wake. Lazima ana sababu."

"Sababu yake naijua. Ina pua ndefu na inakunywa siki ya Kirumi."

Mirtale akainua mikono akaenda zake kwenye kinu. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na wenye akili hujua wakati wa kuacha.

Jemadari wa mji ule aliitwa Agias, mtu mnene asiyependa maneno. Aliona watu wamegawanyika hadi kwenye kisima, vijana wanataka ngao ndefu, wazee wanaapa kwa Hera kwamba hawataishika. Akaamua mambo yaonekane kwa macho: mikuki isiyo na ncha, fimbo badala ya panga, safu ya Kigiriki upande huu, na upande wa pili watu wa mji waliofunzwa na Numerio. Atakayemvunja mwenzake ataeleza jinsi ya kuilinda shayiri.

Kisha akamwita Dameas. "Wewe utasimama mwisho wa kulia."

Hapo ndipo mahali pa heshima kuu katika safu, na ndipo mahali pabaya kuliko pote. Mwisho wa kulia huna jirani wa kulia. Nusu ya ngao yako unampa mtu wa kushoto, na wewe mwenyewe hupewi kitu. Tena ni kazi ya mtu huyo kuikaza safu isihame, kwa sababu kila Mgiriki aliye vitani, atake asitake, hujisogeza kulia kidogo kidogo akiitafuta ngao ya mwenzake. Wote hufanya hivyo. Mtu wa mwisho asipokuwa nguzo, safu nzima hutembea kwenda pembeni.

Dameas alikubali kabla Agias hajafunga mdomo. Hakuuwaza ubavu wake. Aliwaza tu kwamba Filonidas atamwona.

Siku yenyewe mji wote ulipanda ukutani kutazama, na zabibu kavu zikauzwa kama siku ya sikukuu. Filimbi ikalia. Kushoto kwa Dameas alikuwepo Hipis mfinyanzi, mtu wa maneno mengi, na ngao zao zilipogusana zilitoa ule mlio ambao Dameas aliupenda kuliko muziki wote. Wakaenda. Ardhi ilikuwa tambarare, na kwenye tambarare safu ya Kigiriki ni ukuta unaotembea. Waligonga ngao ndefu wakazisukuma nyuma, hatua baada ya hatua, na kule juu wazee wakapiga kelele za furaha. Watu wa Numerio walirudi nyuma bila kugeuza migongo. Waliochoka walipita katikati ya wenzao, wengine wakatokea wakiwa na pumzi mpya. Wagiriki walikuwa na pumzi ile ile waliyoanza nayo.

Ndipo Dameas alipomwona Filonidas. Alikuwa mbele yake, kidogo upande wa kulia, juu ya ngao ile ndefu yanaonekana macho tu. Mara ubavu wa kulia wa Dameas ukaingia baridi. Ni jua la mchana, jasho linamtoka, na ubavu unaingia baridi. Akasogea kulia. Hakukusudia. Mguu wake ulifanya ulichofanya miaka yote, ulikwenda kuitafuta ngao ya Filonidas, na kwa kuwa haukuikuta ukaendelea kuitafuta.

"Unakwenda wapi?" Hipis akapiga ukelele. "Dameas! Ngao yangu! Nirudishie ngao yangu!"

Kati yao palikuwa pamefunguka pengo la kupita ng'ombe. Hipis alichomwa fimbo ya mbavu akakaa chini. Kijana mmoja akaingia, akafuata mwingine, na wa tatu alikuwa Filonidas. Wagiriki waliokuwa wakitazama mbele wakajikuta wanapigwa kutoka ubavuni, na safu ikafumuka kama mkeka uliokatwa uzi. Fimbo ikamgusa Dameas mgongoni, katikati ya mabega, wala si kwa nguvu.

"Umekufa, swahiba," sauti ya Filonidas ikasema.

Dameas hakungoja Agias atoe hukumu. Aliiacha ngao yake pale pale majanini, jambo ambalo mama yake angemlaani kwalo, akaenda kukaa nyuma ya ukuta ambako watu hufunga punda. Alitamani kulia na alitamani kumpiga mtu, na mtu mwenyewe ni mmoja. Filonidas alimfuata. Alikuwa amezibeba ngao zote mbili, ya duara ameitundika begani kulia.

"Umesahau hii."

"Mpe rafiki yako akaitundike Roma."

"Ulikuwa unakwenda wapi, Dameas? Kulia kwako hapakuwa na mtu."

"Najua hapakuwa na mtu!" Sauti ikampasuka. "Miaka yote palikuwa na mtu!"

Punda mmoja akainua kichwa. Filonidas aliziegemeza ngao ukutani, akaketi, akaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele yao.

"Tazama," akasema. Akaanza kuukunja. Mkono ulifika nusu ya njia kwenda kifuani, ukatetemeka, ukagoma. Alijaribu tena hadi midomo ikamgeuka rangi. "Hapo ndipo unapoishia. Tangu kivukoni."

Dameas aliikumbuka siku ya kivuko. Aliteleza kwenye jiwe akaanguka kwenye maji, na Filonidas akainyoosha ngao juu yake, mkono ukiwa bado ndani, rungu la mtu wa mlimani likatua ukingoni. Walicheka sana kuhusu rungu lile baadaye. Filonidas alikuwa wa kwanza kucheka.

"Ulisema umepona."

"Nilisema. Ngao yetu inataka mkono uliokunjwa. Hii ya kwao unaishika kwa ngumi, mkono umenyooka chini. Ndiyo peke yake ninayoiweza. Hata kiwiko cha kuegemea wakati wa kula sina, nakaa kwenye kigoda kama mwari."

Sasa hapa mtu muungwana angeona aibu. Aibu ilimjia Dameas, ndiyo, lakini ilichelewa njiani. Kilichotangulia kufika ni kingine.

"Numerio anajua?"

Filonidas akaurudisha mkono pajani. "Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipofika. Aliniona nikihangaika na mshipi."

"Ukamwambia yeye." Dameas akasimama. "Mtu aliyekuja juzi na viatu vya misumari! Mimi nilimbeba baba yako alipokufa, mimi nilikuozesha, mimi najua hadi unavyokoroma. Ukamwambia yeye, mimi nikaachwa niwe kichekesho cha mji!"

"Kwa sababu yeye hasimami kushoto kwangu!"

Ilikuwa mara ya kwanza Filonidas kupaza sauti. Akaishusha.

"Ungefanyaje ungejua? Ungekuja vitani unatazama kiwiko changu badala ya kumtazama adui. Au ungesimama pale pale kwa ukaidi wako, ubavu wazi, mpaka ufe. Nakujua, Dameas. Nikaona bora uninunie. Mtu aliyenuna huhama safu akiwa hai."

Dameas akakaa tena. Walikaa hivyo mpaka punda wakaja kuchukuliwa na wenyewe. Wakati wa kuondoka Dameas aliibeba ngao yake mwenyewe, akaibeba na ile ndefu pia, mpaka mlangoni kwa Filonidas. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

Agias alitoa uamuzi wake kesho yake. Tambarare ya shayiri italindwa na ngao za duara, kwa sababu kila mtu aliona zilivyosukuma kabla ya balaa. Mteremko wa mawe wenye mitini, ambako safu haiwezi kunyooka, utalindwa na ngao ndefu za watu wa Numerio, ambao hawahitaji kugusana. Watu wengi walisema ni hukumu ya haki. Dameas alimngoja hadi wengine walipotawanyika.

"Jemadari, nina swali. Mtu wa mwisho kushoto, ngao yake inamkinga nani?"

"Hamkingi mtu. Kushoto kwake kuna upepo."

"Basi hata akibeba mlango wa Kirumi, safu haipungukiwi kitu."

Agias akamtazama vizuri. "Na kulia kwake?"

"Nitasimama mimi."

"Nilikuwa bado nataka kukupa mwisho wa kulia. Kuteleza mara moja si dhambi. Ukienda mwisho wa kushoto watu watasema nimekushusha."

"Waseme."

Kumshawishi Filonidas ndiko kulikokuwa kazi. Alimkuta uani akipaka mafuta ngao yake ndefu, na Numerio pembeni akila uji.

"Hapana," Filonidas alisema hata kabla hajamaliza kusikia. "Sitaki huruma yako."

"Huruma?" Dameas akasema. "Nikuhurumie una nini? Huu ni wivu mtupu. Sitaki upigane kule mitini na huyu mla uji, urudi na hadithi ambazo mimi simo."

Numerio alipaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na alipopata pumzi alimwambia Filonidas, "Nenda. Huyu ukimwacha atakuja kutuua sisi."

Watu wa milimani walishuka shayiri ilipokuwa nyeupe. Numerio alipitia mwisho wa kushoto akielekea mteremkoni na watu wake, akaitazama ngao ya duara na ngao ndefu zimesimama bega kwa bega, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mbuzi amefungwa nira na ng'ombe. Filonidas akampungia mkono. Alimpungia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa maoni ya Dameas, lakini alimeza.

Filimbi ikalia. Mara Dameas akahisi bega likimlemea kutoka kushoto, bega pana, linasogea kulia, linajipenyeza chini ya nusu ya ngao isiyokuwa yake. Hakujua kwamba mtu huwa mzito hivyo.

"Unanisukuma," alisema.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unanisukuma wewe," Filonidas akasema. "Zamu yako."

Dameas aliivuta ngao yake kushoto, akaivuta tena kidogo, hata ubavu wake mwenyewe ukabaki nusu wazi, na safu ikaanza kwenda.